Uani kwa Shangazi: Mbuzi kala mihogo ya jirani, alasiri kafa

Wasomaji wangu hamjambo. Barua za mwezi huu ni nyingi na nyingi zimetoka hapahapa Tanga, nimechagua tano. Ya kwanza ntaijibu kwa kirefu maana ndani yake kuna ugomvi unaoweza kufika pabaya, na mimi nimeshaona nyumba mbili zikiacha hadi kuzikana kwa ajili ya jambo kama hilo.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mie nakaa Pongwe nina mbuzi sita. Jumamosi wawili walikata kamba wakaingia kwa mzee mmoja jirani yetu ana shamba la mihogo, wakashinda mle wanakula majani asubuhi yote maana mie nilikua msibani. Nimerudi saa saba nikamkuta mmoja anahema harakaharaka, anapepesuka, povu linamtoka, kabla ya alasiri kashakufa. Tumemzika hatukumla. Yule mwengine alihangaika mpaka jioni ila akapona. Mume wangu anasema mzee katega sumu, mama mkwe anasema sio sumu, ni mambo yake yule mzee, eti anajulikana. Jana mzee kaja anadai laki na nusu ya mihogo yake. Yaani mbuzi nimepoteza halafu nilipe mimi tena! Mume wangu anataka kwenda polisi. Nifanyeje? (Mama wa Pongwe)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa msiba na pole kwa mbuzi. Mmefanya vizuri sana kumzika bila kumla.

Kabla hamjamnyooshea kidole yule mzee, kaulize kitu kimoja tu: mihogo yake ni mitamu au michungu? Watu wengi wanapanda michungu makusudi, wengine shamba zima na wengine pembezoni tu, kwasababu nguruwe na nyani wanaiogopa na mwizi pia haina faida kwake. Huo muhogo mchungu una sumu yake yenyewe, hakuna mtu aliyeiweka. Wataalamu wanaiita sayanaidi. Haikai wazi kwenye jani, jani likishatafunwa likapondeka ndo inatoka, na majani machanga ya juu kabisa, yale mbuzi anayoyapenda, ndio yanayo nyingi zaidi.

Wewe mwenyewe unaijua hii habari toka unafundishwa kupika. Kisamvu tunakitwanga kwanza, hatukitupi sufuriani kizimakizima, halafu tunakichemsha muda mrefu na mwanzoni hatufuniki, tunaacha mvuke uende zake. Bibi zetu hawakuwa wanapoteza kuni bure. Na muhogo mchungu hakuna anayeula mbichi, unamenywa, unalowekwa au unaanikwa makopa, ndo unasagwa tunapata unga wa bada. Kazi yote ile ni kutoa sumu. Sasa mbuzi hatwangi wala hachemshi mwanangu.

Na ulivyoeleza barua yako, kuhema haraka, kupepesuka, povu, kufa ndani ya masaa machache, ndio dalili zake hasa. Angalia na hili: walikua wawili, shamba moja, siku moja, mmoja kafa mmoja kapona. Aliyefika na njaa akabugia majani mengi kwa mara moja anakufa, aliyekuwa anadonoadonoa, mwili wake unapata nafasi ya kuishinda ile sumu. Siku nyingine ikitokea (Mungu apishie mbali) muite afisa mifugo wa kata haraka, na kama mnyama kashakufa ataangalia damu, ikiwa nyekundu ya kung'aa kuliko kawaida anajua pa kuanzia.

Kwa hiyo mumeo asiende polisi. Na mama mkwe, namheshimu ni mkubwa wetu, lakini yale maneno ya "anajulikana" ayameze. Nchi hii wazee wameuawa kwa maneno hayohayo, yameanzia uani kwenye kuchambua mboga yakaishia kwenye panga. Mzee kapanda mihogo yake kwenye shamba lake, basi. Nakuomba sana hilo neno lisitoke nje ya nyumba yenu, na kama limeshatoka kalirudishe, mfuate uliyemwambia umwambie tumekosea.

Sasa deni. Najua inauma lakini deni lipo, mbuzi ni wako na shamba ni lake. Ila laki na nusu usiikubali wala usiikatae ukiwa umesimama mlangoni kwako. Tafuta mtu mzima mmoja, balozi au mzee anayeheshimika na pande zote mbili, muende baada ya alasiri jua likipoa, na wewe ndo uanze kusema: baba, mbuzi wangu waliingia kwako, nimekuja kuomba radhi, naomba twende tukaangalie. Habari ya mbuzi aliyekufa usiitaje kabisa mpaka mmeshatoka shambani. Mkifika hesabuni mashina pamoja. Muhogo uliokatwa majani tu, shina zima, unachipua tena, huo hasara yake ni ndogo, unachelewa tu. Uliovunjwa shina au miche michanga ndo wa kulipa. Mkishahesabu hivyo mara nyingi ile bei inashuka yenyewe, kwasababu mtu anadai kubwa akiwa na hasira na akiwa hajaombwa radhi.

Mimi yalinikuta miaka mingi iliyopita, mbuzi wangu waliingia bustani ya mchicha ya mama mmoja, nikakaa siku tatu najipa moyo kwamba atanyamaza. Nilipoenda nilikuta mtaa mzima unajua na yule mama analia, sio kwa ajili ya mchicha, analia anasema siku tatu umepita hapa kwangu unanisalimia kama hakuna kitu. Hiyo sauti bado ninayo masikioni. Ndo maana nakwambia wewe nenda leo.

Mkielewana hapo imeisha. Mkishindwa, mwenyekiti wa mtaa ndo anafuata, halafu baraza la kata.

Na kamba badilisha. Mbuzi akifungwa na njaa atatafuna kamba mpaka ikatike, kwa hiyo siku ya safari au ya msiba wakatie majani toka usiku, lusina na majani ya viazi vitamu, uwaache bandani. Upande ule unaopakana na mzee panda mkonge kwa kubananisha, sisi Tanga mkonge tunao toka 1893 na miche hatununui, unachimba tu pembeni ya mkubwa wake. Utachukua kama miaka miwili kufunga vizuri lakini ukifunga mbuzi hapiti.

SWALI: Shangazi kunguru wameniua! Mimi ni kijana nakaa Sahare nimeanza kufuga kuku wa kienyeji, kuku katotoa vifaranga 11 wiki iliyopita leo wamebaki wanne, kunguru wanashuka mchana kweupe mbele yangu. Rafiki yangu ananishauri nitege nyama yenye sumu ya panya. Vipi? (Kijana wa Sahare)

JIBU: Sumu hapana mwanangu, hapana kabisa. Kunguru haili hapo ulipoiweka, ataibeba aende nayo, kipande kitadondokea kisimani kwa watu au uwanjani kwa jirani mwenye mtoto anayetambaa. Na kuku wako mwenyewe ataidonoa.

Hawa wenye shingo ya kijivu ni wageni wa toka India, waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 eti wasafishe taka za mji, wakazaliana wakavuka bahari, sasaivi pwani yote ni yao. Wamekuja kwa ajili ya taka na hapo kwako pia taka ndo zinawaleta. Sahare ni pa wavuvi, angalia ni nyumba ngapi hapo mtaani zinaparia samaki uani na kuacha matumbo na mapezi chini. Kunguru akishazoea kuja kula utumbo wa samaki asubuhi, akiona kifaranga ni kitoweo tu. Ongea na hao mama zako, wape ndoo yenye mfuniko, au waambie wakupe wewe hayo matumbo ufukie kwenye shimo la mipapai, papai zako zitakushukuru. Ukienda kwa kulalamika watakuona mtoto wa juzi anakuja kuwafundisha kupara samaki, ukienda kuomba matumbo utapewa.

Halafu vifaranga visiachiwe. Wiki nne za kwanza mama na watoto wake wakae kwenye tenga kubwa, au zungushia kona ya uwanja mita mbili kwa tatu na juu utandike nyavu. Nenda pwani asubuhi wakati ngalawa zinarudi, kuna nyavu zilizochakaa wavuvi hawazitumii tena, watakupa bure au kwa hela ya chai. Kagua matundu, kama ngumi yako inapita, kunguru anapita pia, ziba kwa uzi. Ifunge ikazike vizuri kwenye nguzo, ikilegea inalala chini kwa uzito wa majani ya mwembe na kunguru anavuta kifaranga kwa juu, nimeona kwa macho yangu kaingiza mdomo, kamkamata bawa, kavuta mpaka limekatika. Ikaze.

Jambo la mwisho kwako, ukiwa na kuku wawili wanaotaga jaribu waatamie pamoja siku moja. Baada ya siku 21 wote wanatotoa, vifaranga vyote unampa mama mmoja, yule mkali anayepigana, na mwengine anarudi kutaga. Kulinda kundi moja ni rahisi kuliko mawili.

SWALI: Mbwa wa jirani kamng'ata mwanangu wa miaka 6 mguuni, jirani kaniapia mbwa wake mzima. Tumempaka majivu na pilipili. Bado kuna haja ya hospitali? Mimi niko Muheza.

JIBU: Hii nimeshamjibu baba huyu kwa simu siku ileile na mtoto kashaanza sindano, naiweka hapa kwa ajili ya wengine. Majivu, pilipili, mafuta ya taa, dawa ya miti, vyote hapana. Kidonda kioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, tizama saa, dakika 15 ni ndefu na mtoto atalia, muoshe. Halafu hospitali siku hiyohiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, na mkianza sindano mumalize zote kwa tarehe mlizopewa hata kidonda kikipona. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, kwa hiyo hapa hakuna kusubiri tuone. Mbwa asiuliwe wala asifukuzwe, afungwe aangaliwe siku 10, na afisa mifugo apewe taarifa. Jirani akikwambia mbwa mzima muombe cheti cha chanjo, chanjo ya mbwa ni kila mwaka. Kama hana, sio kwamba ni mtu mbaya, lakini kiapo chake hakimsaidii mtoto.

SWALI: Habari shangazi. Nina ng'ombe wawili wa maziwa Makorora. Jirani yangu mwanamama tumeishi vizuri tu, toka Desemba nilipowaleta hajawahi kusema neno, mwezi wa tano huu kaanza kelele harufu harufu, kapeleka mpaka kwa mwenyekiti. Mimi usafi nafanya vilevile sijabadilisha kitu. Nahisi ni wivu wa maziwa. (Mfugaji wa Makorora)

JIBU: Mwanangu wewe hujabadilisha kitu, upepo ndo umebadilika. Desemba mpaka Machi hapa kwetu unavuma Kaskazi, ukija mwezi wa nne, wa tano inaingia Kusi. Naamini banda lako liko kusini mwa nyumba yake. Kipindi chote cha Kaskazi harufu ilikua inaondoka kwake, sasaivi inaingia moja kwa moja dirishani na itaendelea hivyo mpaka Kusi iishe. Yule mama hana wivu, ana harufu ndani ya chumba cha kulala. Simama mlangoni kwake saa mbili usiku, muombe ruhusa, vuta pumzi, utajua.

Kinachonuka zaidi sio mavi, ni mkojo ukichanganyika na mavi ukatuama. Sakafu iwe ya zege yenye mteremko, mfereji upeleke mkojo kwenye shimo lenye mfuniko upande wa mbali na yeye, na samadi uizoe mara mbili kwa siku, asubuhi unapokamua na jioni. Rundo lihamie upande wa uwanja wako ulio mbali zaidi na nyumba yake, ikifika Novemba unalirudisha, ndio, ni kazi, lakini ng'ombe wa mjini ni kazi. Lifunike kwa makuti au majani ya migomba. Na usiliache bila kulipindua zaidi ya wiki, kwa joto letu hili yai la inzi linakua inzi kamili ndani ya siku saba mpaka kumi, ukipindua ndani ya muda huo wengi wanakufa na joto la ndani ya rundo.

Halafu pitia ofisi ya kata ujue sheria ndogo za kufuga mjini zinasemaje, uende mwenyewe kabla ya kuitwa, ukiitwa unaenda kama mshtakiwa. Na yule mama mpelekee samadi iliyoiva kwa mchicha wake, na maziwa pia, nusu lita ya Ijumaa haikufilisi. Lakini mpelekee baada ya kuhamisha rundo. Ukimpelekea kabla ataona unamfunga mdomo.

SWALI: Shangazi kila mwaka mwezi wa tisa wa kumi kuku wangu wanakufa wote, kinyesi cha kijani, shingo inapinda, nanunua tena naanza upya. Nimeambiwa chanjo lakini kichupa kizima cha nini na mimi nina kuku 14? Na hata nikichanja za jirani zinakuja humuhumu. (Bibi wa Mabokweni)

JIBU: Shikamoo mama'angu, hapa mimi ndio mdogo. Hicho ni kideri, wengine wanakiita mdondo, na kinapenda hasa kipindi hicho cha ukame na upepo kabla ya vuli. Dawa ya kuku aliyekwisha kuugua hakuna, wanaouza vidonge wanakula hela yako. Chanjo ipo, ile ya matone, tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kuku mkubwa na kifaranga wote sawa. Usimchanje anayeumwa tayari.

Kichupa kimoja ni kingi kwa kuku 14, kweli kabisa, na ukishakifungua hakikai. Kwa hiyo usikinunue peke yako. Hao kuku wa jirani unaosema wanakuja humuhumu ndo sababu ya kwenda kwa jirani. Piteni nyumba kumi, kila nyumba itoe kidogo kwa hesabu ya kuku wake, mmoja mwenye baiskeli atumwe mjini duka la dawa za mifugo akachukue, na aibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu, isipigwe jua njiani. Siku ya kuchanja iwe alfajiri kuku bado wamefungiwa, maana wakishatoka kumkamata jogoo ni mbio za mtaa mzima. Mtu mmoja anamshika kuku kamlaza ubavu, mwengine anadondosha tone na kusubiri mpaka kuku apepese jicho liingie, ndo anamuachia. Watoto watapenda kazi ya kukamata, wape hiyo.

Kwako wewe mama'angu kwa vile kideri kinakuja mwezi wa tisa, chanjeni mwezi wa nane mwanzoni. Na kila mmoja aandike tarehe kwa mkaa kwenye mlango wa banda lake, hapo juu watoto wasipofikia kufuta.